Wanammonita Mbeyu

Alasiri ile Kitsao, fundi mbao, alifika kwenye benchi la kahawa Ndia Kuu na nguo alizolala nazo, akaketi pembeni, akapokea kikombe. Mkewe, Mbeyu, alianguka juzi akikuna nazi, na tangu hapo hajafumbua macho. Asubuhi daktari wa wodi alimwambia neno moja la Kizungu: wanammonita. Kitsao aliuliza maana yake mara mbili, akajibiwa neno lilo hilo. Mara ya tatu akaona haya. Basi akalileta kijiweni, kwa waliosoma.

Taizoon, muuza simu aitwaye Injinia kwa kuwa hajapata kufunga alichokifungua, hakungoja.

— Monita ni kile kioo, yakhe. Kama tivii. Wamemuunga nyaya, moyo wake wapita pale, wao wameketi watazama.

— Wakishatazama?

— Wataendelea kutazama. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Chirau, ambaye alifundisha muhula mmoja tu na jina la Mwalimu likamganda, akatikisa kichwa.

— Sivyo. Monita ni kiranja wa darasa. Kazi yake kuandika wapiga kelele. Mtoto akizirai, ataandika: amezirai. Basi.

— Mbeyu hapigi kelele, Kitsao akasema.

— Ndiyo nakwambia usihofu. Mgonjwa haulizwi uji.

— Hata kenge ni monita, akadakia Injinia. Wazungu ndivyo wamwitavyo. Hulala kimya, ungesema gogo, kumbe ana hesabu na mayai ya kuku. Mtu akikutazama sana, yakhe, ana lake.

— Basi hiyo ni serikali, Mwalimu akasema. Bei ya unga waimonita. Barabara waimonita. Nyumba ya jirani yangu waliimonita nyufa mpaka ikalala chini, wakaja kusema, naam, tuliiona. Nakwambia wana chumba mahali. Watutazama sote mmoja mmoja, huyu azaliwa, huyu afa, na hawana ruhusa ya kunyoosha mkono.

Ndipo alipomwona Kitsao usoni.

Lakini Kitsao hakuudhika. Alitaka wazidi. Maadamu wanabishana, neno lilikuwa bado halijapata maana.

Nekesa, mshona nguo aliyehamia mtaa ule majuzi, alikuwa amekuja kujaza kahawa kwenye chupa yake ya chai. Alisimama akisikiliza.

— Samahani baba, alimwambia Kitsao. Hao madaktari wanangoja waone nini?

Muuza kahawa akaacha kugonganisha vikombe.

Kitsao alilijua jibu tangu asubuhi. Alilijua pale muuguzi alipomwambia, kwa upole uliozidi, asiende mbali. Naye ndipo alipokwenda mbali. Alikata mji kwa miguu akatafute makelele, awe mahali ambapo mtu aweza kumwambia monita ni kenge.

— Sikuwauliza, akasema.

Akaweka kikombe chini. Injinia akamshika mkono huu, Mwalimu ule, wakamwongoza mpaka penye tuktuk, wakamketisha katikati yao. Nekesa alibaki na chupa yake, hajui akimbie nyuma yao kuomba radhi ama anyamaze.

Mwalimu akamtajia dereva hospitali, akamwambia akaze mwendo.

— La, Kitsao akasema. Nenda polepole.