Siku Kumi na Tisa za Wangari

Basi lilikuwa limetoka Al Warqa likielekea Oud Metha, na Wangari, mfanyakazi wa ndani huko ugenini, alikuwa akimsimulia mama aliyeketi kando yake jinsi mbwa wa nyumba ya jirani alivyomng'ata mkono. Tangu hapo vidole viwili havikunjiki, na kusuka nywele, kazi aliyoipenda siku zake za mapumziko, kukamshinda.

"Hukushtaki?" akauliza mama yule. Alikuwa Ummulkheir wa Mombasa, karani katika ofisi ya wakili huko Oud Metha.

"Niliambiwa mwaka ukipita, khalas, imekwisha."

"Hizo zilikuwa kesi za kazi, mwanangu, na hata huo mwaka umeshaongezwa. Ya kuumizwa ni miaka mitatu, tangu ulipojua umedhurika na nani aliyekudhuru. Uling'atwa lini?"

Wangari akahesabu kwa vidole vyake vizima. Zilibaki siku kumi na tisa. Abiria wa mbele, aliyekuwa akijifanya amelala, akafumbua macho.

"Lakini mwenye mbwa ni rafiki wa madam wangu, anayeniajiri. Nikishtaki nitakaaje pale?"

"Na usiposhtaki, mkono utakaaje?"

"Madam amenitendea mema, mama."

"Sijakataa. Mbwa je?"

Basi lilisimama Oud Metha, Ummulkheir akainuka. Kituo cha Wangari kilikuwa bado mbele, ila naye akainuka.

"Asante, mama," alisema. "Hata nikiacha kushtaki, sasa nitakuwa nimeamua mwenyewe."

Wakashuka pamoja.