Kofia Upande wa Kulia

Kwenye treni ya asubuhi, mbele yangu alikaa mzee mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma, kavaa suti iliyopigwa pasi na kofia aliyoilaza upande wa kulia. Sikio lake la kushoto lilikuwa kovu tupu. Jirani yake alikuwa mama fundi cherehani, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni, naye akashindwa kuvumilia.

"Baba, ukiilaza kushoto utapendeza zaidi."

"Nitapendeza, au kovu litafichika?"

Mama akacheka kwa aibu. Mimi nikazama kwenye gazeti nililokwisha kulimaliza.

"Mwanangu anaoa leo," mzee akasema. "Jana kanipigia simu nilifunike, eti picha zitaharibika. Sikio hili liliungua nikimtoa yeye kwenye moto, hajui hata kutambaa."

"Mwenyewe anajua?"

"Anajua vizuri sana."

"Hata hivyo, leo ni siku yake. Mzazi humeza mengi, baba."

"Siku ni yake, mama. Sikio ni langu."

"Na mkweo akishtuka?"

"Ashtuke, kisha azoee. Bila sikio hili angeolewa na nani?"

Treni ikasimama. Walishuka wakiendelea kubishana, mama akiwa ameshambebea mzee zawadi ya harusi bila kuombwa.