Karatasi Chini ya Kabati: Maisha ya Mwaitu Naomi Kaveke Mbaluka (1951–2025)

Jamaa, majirani na waumini mliofika hapa Kiboko leo Jumamosi, tarehe 20 Septemba 2025, haya ndiyo maisha ya mama yetu, Mwaitu Naomi Kaveke Mbaluka, yanavyosomwa kwa agizo lake mwenyewe. Aliagiza pia yachapishwe kwenye programu ya mazishi kabla ya kusomwa, ili msomaji akiruka mstari mumshike. Hapo tayari mmeshajua alikuwa mtu wa namna gani.

Kaveke alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 karibu na soko la Ikutha, mtoto wa tatu wa Mzee Mutie, mrina asali. Inasemekana akiwa na miaka sita alikataa uji wa jirani mpaka jirani mwenyewe aunywe kwanza. Babake alicheka sana, mamake akaficha uso kwa leso.

Alisoma shule ya msingi ya karibu na nyumbani, akamaliza mwaka 1966. Mwaka wa mwisho alirudisha mtihani wa hesabu akidai usahihishwe upya. Mwalimu alikasirika, akausahihisha, na kweli swali moja lilikuwa limerukwa. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyeweza kumwambia kwamba anashuku kupita kiasi.

Tarehe 18 Agosti 1973 alifunga ndoa na Peter Mbaluka, dereva wa lori, mtu mpole ambaye alikubali kuulizwa alikotoka kila jioni kwa miaka arobaini na mitatu. Walijaliwa Kitheka na Ndeti. Mwaka 1974 Kaveke aliajiriwa kutunza stoo ya mbegu kwenye kituo cha utafiti wa kilimo hapa Kiboko, akafanya kazi hiyo mpaka alipostaafu mwaka 2006. Huko ndiko alikozoea kutandika karatasi nyeupe chini ya magunia. Dudu akiwa ndani, unga wake huanguka, na karatasi haina urafiki na mtu.

Nyumba hii mnayoiona walihamia Januari 2008. Mzee Mbaluka alitaka makochi mapya, yale yanayouzwa kando ya barabara. Mama alikataa katakata. Alisema mbao zake zimekatwa juzi, zikifika sebuleni zitajipinda, na hicho kitambaa kimefunika nini hakuna ajuaye. Alitaka vitu vya zamani, vilivyokwisha kuonyesha tabia zao. Kwa miaka mitatu alizunguka na fundi Mbuvi kwenye nyumba kuukuu za reli Makindu, maduka yaliyofungwa, na kila mahali mtu alipokuwa akihama. Kiti alikipindua miguu juu kabla hajamsalimia mwenyewe. Droo alizinusa. "Ilikuwa ya nani? Na mbona anauza? Ako wapi saa hii?" Muuzaji akijibu haraka, hanunui. Akijibu polepole, hanunui pia, mpaka arudi mara ya pili.

Kilichonunuliwa hakikuingia ndani hivyo hivyo. Kilikaa verandani siku thelathini juu ya karatasi. Karatasi ikibaki safi, Mbuvi alikaza viungo kwa gundi, akapiga msasa, akapaka nta ya nyuki ya Ikutha iliyolainishwa kwa tapentaini, na hapo ndipo kiti kilipopata ruhusa ya kuvuka mlango. Fahari yake kubwa ilikuwa meza ya kulia kutoka Makindu. Aliwaambia kina mama wa kanisa kwamba meza hiyo haijawahi kuangusha hata chembe.

Tarehe 7 Desemba 2013 Kitheka alimwoa Wavinya, ambaye ndiye anayewasomea. Mamake Wavinya, Mama Ndululu, alimpa bintiye kabati la mbao ngumu za muhugu lililokuwa la nyanya yao, akalipangusa mwenyewe kabla ya kulipakia kwenye pikapu. Lilipofika hapa, Mama Kaveke alilizunguka mara mbili, kisha akalitandikia karatasi verandani. Wavinya akaenda kuchemsha chai. Bibi harusi wa juzi atasema nini?

Siku ya nane, kina mama wa kanisa walikuja kuwaona maharusi, na Mama Ndululu alikuwa miongoni mwao. Mbele yao wote Mama Kaveke aliivuta ile karatasi. Ilikuwa na unga wa mbao wa kujaa kijiko.

"Kabati imekuja na wageni wake," alisema. "Hiyo haingii kwangu."

Mama Ndululu aliweka kikombe chini, chai ikiwa nusu, akachukua kiondo chake. Hakukanyaga boma hili tena mpaka leo.

Jioni ile fundi Mbuvi alimwita Wavinya kando ya tangi la maji. "Sister, hiyo ni muhugu. Ni dudu gani inakula muhugu? Na nimeiangalia yote, hakuna shimo hata moja."

Basi shaka ikahamia kwa mkwe. Kwa zaidi ya miaka kumi na moja Wavinya aliamini kwamba mama mkwe wake aliumwaga unga ule kwa makusudi, lakini hakuwa na ushahidi. Walipikiana, wakauguzana, wakamzika pamoja Mzee Mbaluka mwaka 2016, na muda wote kila mmoja akimchunga mwenzake mikono. Kabati lilibaki verandani, likawa la kuwekea chakula cha kuku.

Mwaka 2023 Mama alianza kuugua moyo. Dawa hakuzikataa, ila alitaka kujua zimetoka wapi, na daktari mmoja kijana aliombwa aonyeshe cheti. Mwishowe alikubali kumeza dawa kutoka mkono wa Wavinya peke yake. Mtu unayemshuku akikukabidhi uhai wake, huo ni mzigo, na Wavinya aliubeba bila raha.

Jumapili tarehe 17 Agosti mwaka huu, baada ya ibada, Mama alimwambia Wavinya afunge mlango.

"Mwana wakwa, ile unga ilitoka chini ya meza yangu. Hiyo asubuhi niliinama nikapata meza ya Makindu inaliwa. Na wamama wa kanisa wako njiani! Nikaona aibu. Nikaizoa, nikaenda nikamwaga kwa kabati yako."

"Na mbona hukusema, Mwaitu?"

"Nilingoja uniulize. Hukuuliza, nikajua unajua."

Wavinya alikasirika, na hafichi kwamba alikasirika sana. Alitoka akakaa na kuku saa nzima. Aliporudi, Mama alikuwa bado anautazama mlango.

"Hiyo utaandika kwa wasifu," akasema. "Isomwe mama yako akiwa amekaa mbele, na wale wamama wakiwa hapo. Kitheka akisoma ataruka. Ndeti ataanza kulia. Wewe hutaruka. Wewe umekasirika."

Kesho yake Mbuvi aliitwa. Kabati lilioshwa, likapigwa msasa, likapakwa nta, likaingizwa chumbani kwa Mama. Nguo zake zikapangwa humo, na gauni alilovaa leo limetoka humo. Wavinya alimuuliza kama atandike karatasi. "Ya nini?" Mama akauliza, akageukia ukutani.

Alitutoka nyumbani hapa Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Wavinya. Ameacha watoto wake Kitheka na Ndeti, mkwe wake Wavinya, wajukuu wanne, na kaka yake Mutunga wa Ikutha. Ameacha pia meza ya Makindu, ambayo bado inaliwa.

Mama Ndululu, umesikia, na watu wamesikia. Kabati la nyanya liko ndani, na chini yake hakuna karatasi. Tukitoka kaburini, karibu umalizie chai.

Mungu ampe Mwaitu Kaveke pumziko lisilo na shaka.