Siku Niliyoulizwa Mimi Mwenyewe

Nitazameni wanangu, wewe Mereana na wewe Tawhai, na fungueni pazia mwanga uingie, maana mikono imeanza kunielemea na sitaki neno langu hata moja liwapite. Daktari alizungumza nanyi pale mlangoni, mkadhani sioni midomo yenu. Niliiona. Basi tusifichane.

Ninaondoka na shukrani. Nilizaliwa kiziwi hapahapa katika mji wetu wa Opotiki, nikapelekwa mbali kwenye shule ya bweni ambako kusema kwa mikono kulikuwa kosa. Tulikalia viganja vyetu tukifundishwa kutoa sauti tusizozisikia. Lugha sikupewa na mwalimu. Nilipewa na Dulcie, msichana wa Kizungu, kiziwi mwenzangu, nyuma ya chumba cha kufulia, na neno la kwanza alilonifundisha lilikuwa tusi. Mpaka leo linanifaa.

Bibi yenu alipofariki, mjomba wenu Paora alinipeleka ofisi ya ardhi kuandikisha nyumba hii aliyotuachia. Karani akauliza, Paora akajibu, wakatabasamu, nami nikatabasamu kwa kuwa wao wametabasamu. Kumbe alisema, "Dada hana neno, ameniachia yote." Nilikuja kujua nilipoambiwa nifungashe vitu vyangu. Nikaenda kulalamika, nikaandikiwa kwamba nije na ndugu wa kunisemea. Na ndugu niliyekuwa naye ni nani? Paora huyohuyo!

Kisha ukaja mwaka ule bunge kule Wellington lilipopitisha sheria kwamba lugha yetu ya alama ni lugha rasmi ya nchi hii, kama Kimaori, na kwamba mtu anaweza kuitumia mahakamani. Mimi na Dulcie, tukiwa na mvi zetu, tulikuwa kule juu wanakokaa wageni, na viziwi wote tuliinua mikono tukaitikisa hewani, ndiyo makofi yetu. Dulcie akanigeukia huku machozi yanamtoka. "Umengoja nini? Kamshtaki kaka yako!"

Nikamshtaki. Mkalimani, Bronwyn, alikaa mbele yangu, lakini hakimu alinitazama mimi. "Mama, uliiacha nyumba kwa hiari yako?"

"Mheshimiwa, leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza."

Nikaeleza yote: nani alimwogesha mama, nani alimlisha, nani alikuja kuzika tu. Paora aliinamisha kichwa. Tulikua pamoja, lakini alijua ishara za njoo, kula na lala, akadhani hayo ndiyo maneno niliyo nayo. Haki yangu ikarudi. Nje akamwambia Bronwyn, "Mwambie sikujua ana maneno mengi hivi." Nikajibu, "Na matusi bado hujayapata!" Akacheka, kisha akalia, nami nikalia naye. Akaanza kuja kujifunza, vidole vikavu kama kuni. Alipojaribu kusema "dada yangu" alisema kitu kingine ambacho siwezi kukirudia katika wosia.

Kwa hiyo mtu asimzuie Paora kwenye marae yetu, uwanja wa ukoo mtakaponilaza watu waniage. Akae karibu na jeneza. Mkalimani asimame penye mwanga, na viziwi wenzangu wakija kuniaga msiwaharakishe.

Nyumba ni yenu wote wawili, msiiuze. Chumba cha mbele kibaki cha viziwi na wageni wao. Wanaosikia hudhani alama ni zilezile dunia nzima. Mgeni mmoja kiziwi kutoka Papua aliniomba kitu, nikamletea chumvi, kumbe anatafuta choo! Tulipoelewana alinieleza kwamba kwao nako serikali imeitambua lugha yao, tukacheza humo chumbani bila muziki, wazee wazima.

Tawhai, binti yako mchanga amepimwa, hasikii. Usimlilie. Mimi nililipata neno langu la kwanza mafichoni, yeye atalipata mapajani mwa baba yake. Msemeshe leo. Msemeshe akinyonya, msemeshe akilia, mpaka yeye mwenyewe akukatize.

Nimechoka... mkono wa kushoto haunyanyuki tena... nitamalizia kwa huu mmoja. Hapana, Mereana, usinishike bado, utaniziba mdomo. Mungu awape kupendana. Awape watu wa kuwauliza, na subira ya kungoja jibu. Nimeishi vizuri, wanangu. Asanteni... asanteni kwa kunitazama.

Haya. Sasa nishikeni mikono.