Noorin Fakhruddin, Aliyeisimamisha Boti Pilau Ikiwa Imeiva

Assalamu alaykum. Wazee wetu shikamooni, na nyote mliofika hapa Kilindoni kabla jeneza halijatoka, mimi ni Hadi, mdogo wake marehemu, nimepewa karatasi hii kwa sharti la kutolia, na nikicheka msinishangae, maana dada yangu alikuwa na vituko vyake.

Noorin binti Fakhruddin alizaliwa tarehe 12 Machi 1974, nyuma ya duka la baba la misumari na rangi, akasoma shule ya msingi hapa kisiwani kuanzia 1981 hadi 1987, akaenda sekondari Dar es Salaam, kisha chuo kikuu, akahitimu uhandisi wa mitambo mwaka 1998, na barua zake zote za miaka hiyo zilikuwa za kuomba ng'onda, samaki wetu wa kukausha.

Tarehe 9 Juni 2001 alifunga ndoa na shemeji yetu Shamte Mabruki wa Kirongwe, fundi boti, ndoa iliyozua minong'ono hadi bibi harusi alipowaambia wazee kwamba kama hawamtaki Shamte, basi wamtafutie mwingine anayejua kumsikiliza bila kusinzia, nao wakashindwa. Walijaliwa Hawra mwaka 2002 na Waseem mwaka 2005.

Mwaka 2004, hifadhi ya bahari ikiwa imeshaleta wageni wengi, walifungua karakana ya boti za faiba, Shamte kwa mikono, Noorin kwa kompyuta, kwani hakukubali boti iguse maji kabla yeye hajaigongesha mwamba kwenye kioo. Kompyuta iliikata boti vipande maelfu, ikaigongesha, ikachora mkazo unaoipata kwa mstari wa grafu, lakini wee, vipande vile vilirushiana pigo, mstari ukatetemeka kama mchele kwenye ungo, Noorin asijue lipi ni pigo la kweli na ipi ni kelele ya hesabu tu. Oktoba 2009 akaongeza breki kwenye hesabu, mstari ukatulia, akalia kwa furaha, akawakaangia kaimati mtaa mzima.

Boti ya kuvusha watu wa kisiwa jirani cha Juani ikapangiwa kushushwa Jumamosi, tarehe 14 Novemba 2009, pilau ikapikwa, na Shamte, kwa desturi yake, akachukua kipande cha faiba kilichobaki akakiangushia mfuko wa mchanga kutoka juu ya paa, mbele ya wageni. Kikapasuka, na grafu ilikuwa imesema kitahimili. Noorin akashika kichwa, akasema, "Yallah! Nimenyamazisha kelele, na pigo lenyewe nimelinyamazisha." Nikamwambia, "Dada, watu wamevaa, utatuaibisha." Akanijibu, "Kuleni pilau. Boti haiendi."

Nilimkasirikia, nasema kweli, nikala sahani mbili kwa hasira. Yeye akarudi kwenye kompyuta miezi mitatu, akaondoa ile mitetemo ya haraka tu, ambayo boti yenyewe haiwezi kuitoa, akaliacha pigo la kweli lisimame na urefu wake wote, kila mara akilipima na mfuko wa mchanga, hata paa la karakana likaanza kuvuja kwa kupandwapandwa. Grafu na mchanga vilipokubaliana, Shamte akaongeza faiba omo, kule mbele ya boti, boti ikashushwa tarehe 6 Machi 2010, na safari ile pilau alipika yeye mwenyewe, ikaungua.

Ugonjwa wa figo ulimwanza mwaka 2020, akatibiwa Dar es Salaam, akawa anawauliza wauguzi mistari ile ya mashine imetulizwa kiasi gani, na jana, tarehe 17 Februari 2022, saa nne asubuhi, alitutoka akiwa na miaka arobaini na saba, mkono wake ukiwa mkononi mwa Shamte.

Familia inawashukuru madaktari waliomvumilia kwa maswali, majirani mliopika tangu jana, mafundi wa karakana, na watu wa Juani. Nawashukuru hasa abiria kumi na wanane wa tarehe 21 Septemba 2013, siku boti ile ilipogonga mwamba kwa kasi, ikachubuka rangi tu, sote tukashuka kwa miguu yetu; nasema sote, kwa kuwa niliyekaa omo, na mwanangu mapajani, nilikuwa mimi. Wanaume mliokuwamo mmeomba leo mlibebe jeneza, na mimi nitashika mbele.

Dada Noorin, Mola akupokee kwa rehema zake. Tulia sasa.