Mwanatabu Hashim na Mtoto wa Mwenziwe

Huu ni wasifu wa marehemu Mwanatabu Hashim Mwidani, unaosomwa leo, Jumapili tarehe 9 Novemba 2025, upande wa kina mama baada ya khitima, nyumbani kwa wazee wake Mtongwe, Likoni. Aliyeuandika ni mke mwenziwe, Mwanabibi wa Mtopanga. Yeye ndiye anayeusoma, na humu anatajwa kwa jina lake kama wengine. Anayeshangaa na ashangae. Familia ndiyo iliyomchagua. Tangu siku ya maziko amekuwa na jambo moja la kuamua. Mwanawe wa pekee, Faiz, amemwomba kwamba pale mwisho, panapotajwa walioachwa, yeye aandikwe kuwa mtoto wa Mwanatabu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, hapa hapa Mtongwe, mtoto wa pili wa Mzee Hashim Mwidani, mkulima wa minazi na mihogo, na mkewe Bi Dhahabu. Dada yake, Nadira, asema kwamba Mwanatabu akitumwa akamwite mwenziwe aliyevunja mtungi aje achapwe, alikuwa akichelewa kurudi, kwa kuwa alikaa kitako kumuuliza ilikuwaje. Mara nyingi walichapwa wote wawili.

Alisoma shule ya msingi Likoni na ya upili Kwale, akamaliza mwaka 1986. Alipata cheti cha ualimu mwaka 1989, akafundisha Changamwe miaka kumi na miwili. Mwaka 2002 alikwenda Nairobi kusomea saikolojia, akarudi na shahada mwaka 2006. Mwanabibi aliishia darasa la nane, na hilo analitaja mwenyewe kabla halijatajwa na mtu.

Aliolewa na Bwana Khatibu Ishaka, karani wa ghala la mizigo Port Reitz, tarehe 17 Desemba 1994, wakakaa Magongo. Mungu hakuwajaalia mtoto. Mwaka 2005 Bwana Khatibu alimwoa Mwanabibi, na Faiz akazaliwa tarehe 2 Mei 2007. Mtu angedhani mwenye wivu ni yule asiyezaa. Wapi! Mwanatabu alikuja Mtopanga na sufuria ya wali ulioshika chini, akamlisha mzazi kwa mkono wake. Mwenye wivu alikuwa Mwanabibi. Mtoto alipoanza kusema, mume akija zamu yake alianza: Mwanatabu asema mtoto asikatizwe akizungumza, Mwanatabu asema mtoto aachwe amalize. Hata ule wali wake mbovu aliusifu. Mbele za watu Mwanabibi alimwita Dada Mwanatabu. Akiwa peke yake alimwita yule wa Magongo.

Kuanzia mwaka 2007 marehemu aliwapima vijana wanaofikishwa mahakama ya watoto. Kazi yenyewe ni hii. Kijana amefanya kosa, cheti chake cha kuzaliwa chasema ana miaka kumi na sita, lakini mahakama yataka kujua akili yake ina miaka mingapi. Je, alijua kwamba ni kosa? Na kama alijua, aliweza kujizuia? Marehemu alishikilia kwamba hayo ni maswali mawili, na kwamba wakubwa wengi huuliza la kwanza tu. Hakukaa nyuma ya meza. Alivuta kiti akakaa ubavuni mwa kijana, akamwambia, "Nieleze siku ile kuanzia ulipoamka, si kuanzia ulipokosea." Kisha alinyamaza, na angeweza kunyamaza hata saa nzima.

Jumamosi tarehe 12 Agosti 2023 Faiz alikamatwa Kisauni pamoja na vijana wanne waliomvamia mwenye duka la simu. Yeye alisimama mlangoni kuangalia kama kuna mtu anakuja. Mwanabibi alikwenda mbio Magongo, akapiga magoti. "Dada, nakuomba, andika wewe ripoti. Andika kwamba ni mtoto mdogo, hajui lolote." Mwanatabu akamwinua. "Siwezi, mwenzangu. Ni mtoto wa nyumbani mwangu. Nikiandika mimi, itatupwa, na yeye ndiye atakayeumia." Siku hiyo hiyo alijitoa kwa barua, na kesi akapewa mwenziwe wa kazini, Bwana Dishon. Mwanabibi aliamini kwamba ni chuki ya mke mwenza, miaka yote ikingoja siku yake. Maneno aliyoyasema njiani kurudi Mtopanga hayafai kusomwa hapa.

Basi akafanya lake. Alimfundisha Faiz: "Ukiulizwa leo siku gani, sema hujui. Ukiulizwa wizi ni nini, cheka tu." Faiz alifanya kama alivyoambiwa. Baada ya saa mbili Bwana Dishon alimwita mama mtu, akamwambia kwa upole, "Mama, mwanao amekosa maswali ambayo mtoto wa chekechea huyapata. Hakupata hata moja kwa bahati. Mtu hawezi kukosa yote namna hii mpaka awe anayajua majibu." Akasema kwamba akiiandika hivyo, mahakama itaona kijana mwerevu na mwongo, na itamhukumu kwa werevu huo. Akampa kijana wiki moja, kisha arudi aulizwe upya.

Ijumaa, baada ya sala, Mwanatabu alikuja Mtopanga. Aliketi barazani na Faiz. Mwanabibi alisimama nyuma ya pazia la mlango, naye hilo halifichi. Alimsikia akisema, "Mwanangu, mimi sikuulizi kitu. Kwa Dishon, anza pale ulipoamka." Hilo neno mwanangu lilimchoma Mwanabibi mpaka akaushika mlango. Kisha Faiz, ambaye hakuulizwa, akaanza kusema. Alisema asubuhi ile aliamka akitaka kumwambia mamake kwamba ameacha kwenda shule wiki tatu. Alishindwa. Alisema wale vijana walipomwambia twende, alijua ni kosa, alijua kabisa, lakini wote walikuwa wakimtazama wakingoja jibu lake, na yeye hakuzoea kungojwa. "Mama hunijibia. Hata nikiulizwa jina langu, hujibu yeye."

Mwanabibi amemzaa mtoto huyo, amemnyonyesha, amemuuguza surua. Miaka kumi na sita hakuwahi kuambiwa maneno mengi namna hiyo kwa mara moja. Siku hiyo alimwonea wivu Mwanatabu kuliko siku zote za zamu zikiwekwa pamoja.

Faiz alirudi kwa Bwana Dishon akasema kweli. Ripoti ilieleza kwamba akiwa peke yake kijana huyu hupima mambo karibu sawa na mtu mzima, lakini akiwa katikati ya wenzake kupima huko humpotea, na kwamba anaweza kukua akipewa mtu wa kumsikiliza. Mahakama ilimweka chini ya uangalizi miezi kumi na minane. Sasa anasomea ufundi wa majokofu. Katika miezi hiyo, kila Jumamosi alikwenda Magongo, na mamake hakuambiwa walizungumza nini.

Marehemu alianza kuugua figo Januari 2024. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, na aliyemshika mkono kwenda na kurudi alikuwa Faiz. Miezi ya mwisho Mwanabibi alimpikia uji, akaupeleka mwenyewe. Siku moja mgonjwa alimwambia, "Mwenzangu, ulinichukia sana." Mwanabibi akajibu, "Sana, dada." Wakacheka mpaka muuguzi akaja kuangalia. Alifariki Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025, alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba, akazikwa Mtongwe siku hiyo hiyo baada ya Alasiri. Mwanabibi alikuwa miongoni mwa waliomwosha.

Jana Mwanabibi aliandika: marehemu hakujaaliwa mtoto. Faiz akasoma, akamrudishia karatasi. Kwa desturi yake Mwanabibi angezitaja yeye sababu za Faiz kabla Faiz hajafungua kinywa. Jana aliuliza, "Kwa nini wataka kuwa wake?" akakaa akangoja. Ilichukua muda, na ulimi ulimwasha. Ndipo Faiz akasema, "Wewe, mama, siku ukifa unaye mtoto wa kukuombea dua. Yeye hana."

Wivu haujamtoka Mwanabibi, na hatasimama mbele yenu aseme umemtoka. Ameandika nao hivi hivi.

Marehemu ameacha mume, Bwana Khatibu Ishaka. Dada, Nadira Hashim. Mke mwenza, Mwanabibi. Na mtoto mmoja, Faiz.

Mola amkunjulie kaburi lake, amsikilize kwa utulivu, na dua ya mwanawe imfikie. Amina.