Dua Iliyokatishwa na Ngoma

Risala ya wanabendi kwa mgeni rasmi, Mwalimu Tologon, siku ya kutimiza miaka kumi na minne ya bendi, Ukumbi wa Utamaduni, Kara-Bulun

Mgeni rasmi, Mwalimu wetu Tologon, wazee wa baraza, wazazi mliotuvumilia, majirani mliotuvumilia zaidi, mabibi na mabwana:

UKARIBISHO

Sisi wanabendi tunakukaribisha kwa heshima kubwa. Kutoka nyumbani kwako hadi ukumbi huu ni mitaa mitatu tu, lakini imekuchukua miaka kumi na minne kuja kutusikiliza, na tunajua kosa ni la nani. Tulipompa mkweo Shaiyrgul barua ya mwaliko akuletee, alirudi akatuambia: "Ameisoma mara mbili, akaiweka chini ya bakuli la sukari, akasema nimpigie pasi shati jeupe." Tulipiga kelele za furaha hadi jirani akagonga ukuta.

Anayesoma mbele yako ni Ulukman, mpiga ngoma, fundi wa magari pale karibu na soko la mifugo. Wenzangu ni Aizirek mwimbaji, Syimyk wa gitaa na Cholponai wa kinanda. Aizirek ndiye mwenye sauti, na tulitaka asome yeye, lakini alikataa katakata. "Hili ni lako, kaka," alisema. "Ukitetemeka, tetemeka tu."

HISTORIA

Mwalimu, sote wanne ulitufundisha komuz, gambusi la wazee wetu. Ulitukalisha kwenye benchi lile la baridi, ukatutia vidole kwenye nyuzi tatu, na kila Jumanne ulituambia: "Kupiga, kila mtu atapiga. Nionyesheni mnavyonyamaza." Tulikuwa tukikonyezana. Tulidhani umechoka na makelele yetu, unatafuta namna ya kupumzisha masikio. Baada ya somo Bi Burulcha, mkeo, alitujazia boorsok, vile vitumbua vyetu vya kukaanga, za moto mifukoni, tukaenda zetu tukizitafuna njiani huku mafuta yanachuruzika.

Baadaye tulipata magitaa ya umeme na ngoma chakavu. Wewe ulikohoa tu. Kisha mwanao Zarylbek akataka kumwoa Shaiyrgul, akasema bendi ya arusi yake tutakuwa sisi, na si mtu mwingine. Tulikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, hatuna jina, tuna nyimbo sita, na mbili kati ya hizo zilikuwa wimbo mmoja kwa kasi tofauti. Mshereheshaji alitupa agizo moja tu: "Mwalimu ataomba dua. Akimaliza, watu wakipangusa uso, pigeni."

Ulisimama, ukafungua mikono. Watu mia mbili uani wakafungua mikono yao. Uliwaombea maharusi, ukaiombea mifugo, ukawaombea walio safarini mlimani, halafu ukanyamaza. Kimya kikawa kirefu. Na hapo ndipo tulipoanza kupiga.

Imeandikwa hapa "tulipoanza", Mwalimu, kwa sababu wenzangu wana roho nzuri. Naomba ruhusa nitoke kidogo kwenye "sisi". Nilianza mimi. Nilidhani umemaliza, na vidole vilikuwa vinaniwasha kwa woga. Nilipiga ile ngoma kubwa kwa nguvu zangu zote, na wenzangu wakafuata wakidhani nimeona watu wakipangusa uso. Tulipofika kwenye kiitikio ndipo nikainua macho. Mikono yako ilikuwa bado iko wazi. Ukaishusha bila kuigusisha usoni, ukatoka uani, na kichwa cha kondoo ulichotengewa kwa heshima kikapoa mezani.

Asubuhi yake mji mzima ulikuwa umeshatupa jina. "Haooo! Dua Nusu hao!" Bibi yake Syimyk, Mungu amrehemu, alimwambia mjukuu wake mlangoni: "Hata punda hungoja amina." Tuliona haya mwaka mzima. Halafu tukawa wabishi, tukaliandika jina hilo kwenye ngoma kwa rangi nyekundu, na ndilo tunalo hadi leo.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, bila mfadhili wala bwana mkubwa wa kutusimamia, tumetoa albamu tatu. Zote tulizirekodi katika ile zahanati ya mifugo iliyofungwa, kuta tukizifunika kwa mazulia ya manyoya ya mama zetu. Ukisikiliza vizuri wimbo wa nne wa albamu ya kwanza, kuna ng'ombe ndani. Hatukumwalika.

Wimbo wetu wa theluji ya Aprili ulipigwa kwenye kila basi dogo kuanzia hapa hadi mji mkuu, mpaka madereva wakauchukia. Hatujawahi kusimama jukwaani tukachezesha midomo juu ya muziki wa kurekodiwa, ingawa arusi nyingi siku hizi hutaka hivyo. Na bwana mmoja wa muziki kule mji mkuu alipomwambia Aizirek, "Njoo peke yako, dada. Hao wengine waache, hasa huyo wa ngoma," Aizirek alimjibu: "Huyo wa ngoma ndiye anayewasha gari letu. Nikimwacha, nitarudi nyumbani kwa miguu?"

CHANGAMOTO

Umeme unakatika. Baridi inavuruga sauti za nyuzi. Wazazi wanauliza, "Mtaanza kazi lini?" na baadhi yetu tuna mvi.

Lakini changamoto yenyewe ni ile dua. Gari likikwama kwenye theluji, watu husema, "Si mnaona?" Aizirek alipopoteza sauti majira yote ya kuchipua, walisema hivyohivyo. Sisi tulicheka mbele za watu, na tukirudi nyumbani hatukucheka. Kesho alfajiri tunavuka mpaka kwenda kupiga Almaty, mara yetu ya kwanza nje ya nchi, na kwetu hakuna anayeanza safari ya namna hiyo bila dua ya mzee. Tumezunguka kwa wazee saba. Wote walitupa chai, wote walitupa jibu moja: "Dua yenu ina mwenyewe. Nendeni kwa aliyeianza." Syimyk amesema bila dua hapandi gari, na bila Syimyk hakuna bendi.

Kwa nini hatukuja kwako mapema? Tulidhani unachukia magitaa. Miaka kumi na mitatu tulijibizana na wewe kichwani, tukijitetea kwamba muziki wa sasa nao ni muziki. Kisha vuli iliyopita Zarylbek alileta gari lake gereji. Nilikuwa nimelala chini ya injini nikamwambia, "Baba yako angetusamehe kama tungeuza ngoma hizi."

Akasema, "Ngoma? Wewe Ulukman, kumbe hujui? Baba alikuwa amefika kwenye jina la mama."

Nilibaki chini ya gari lile. Bi Burulcha alikuwa ametutoka majira ya baridi yaliyotangulia arusi ile. Tulikuwepo mazikoni, nilishika koleo kwa mikono hii. Ulinyamaza kwa ajili yake, Mwalimu, mbele ya mwanawe anayeoa, na mimi uliyenifundisha kunyamaza nikakipiga kimya kile kwa ngoma. Naumia hadi leo. Hakuna siku nimekaa kwenye ngoma nisikumbuke mikono yako.

MAOMBI

Risala hii ilikuwa na maombi sita. Matano tumeyafuta. La jiko la kupasha ukumbi joto wazee wa baraza wanalijua, na wanalikwepa kila mwaka kwa ustadi mkubwa.

Lililobaki ni moja. Hatukuombi uzipende nyimbo zetu. Tunakuomba samahani, na tunakuomba uendelee na dua pale ulipoishia, kwenye jina la Bi Burulcha. Nyamaza hapo kadiri moyo wako unavyotaka. Zarylbek yupo, Shaiyrgul yupo, na wengi wa wale mia mbili wapo. Vijiti vyangu vya ngoma anavyo Shaiyrgul, mstari wa pili. Nimemwambia asinipe, hata nikilia, mpaka akuone umepangusa uso.

HITIMISHO

Mwalimu, Mungu akupe uzima na miguu ya kutufuata ukumbini miaka mingine mingi. Amlaze Bi Burulcha pema, na mikono yake ile iliyotujazia mifuko isipungukiwe huko aliko. Tumeweka vyombo chini. Tumefungua mikono, na safari hii tutangoja.

Ni sisi wanafunzi wako, Aizirek, Syimyk, Cholponai na Ulukman, bendi ambayo mpaka dakika hii inaitwa Dua Nusu.